Reale Iliyovaliwa Kiunoni

Nyanya yangu alibakiwa na reale moja, sarafu ya zamani ya fedha. Aliiweka ndani ya kibweta, imefungwa kwa kipande cha kaniki, na tulipokuwa wadogo alikuwa akiifungua siku za Idi tu, tukaishika zamu kwa zamu. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke mnene, Maria Theresa wa Austria. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Waliendelea kuzipiga kwa mwaka ule ule kwa zaidi ya karne nzima, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikwisha kuizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Siku moja nilimuuliza Nyanya zile nyingine zimekwenda wapi. Akaunyosha mkono, akaizungusha kekee yake pana ya fedha.

"Hizi hapa mwanangu, nimezivaa."

Kwake hilo halikuwa fumbo. Sonara wa Mji wa Kale alipelekewa reale, akaziyeyusha mbele ya mwenyewe ili asije akashukiwa kuchanganya, na baada ya siku kadhaa zikarudi nyumbani zikiwa kekee za mkononi au furungu za miguuni. Karo ya shule ilipokaba, furungu zilikwenda kuwekwa rehani. Mambo yakifunguka zilikombolewa. Lugha yetu yenyewe haijatenganisha vitu hivi: fedha ni ile inayong'aa na fedha ni ile ya kununulia unga.

Nimelianza simulizi hili mbali kwa sababu jambo lenyewe nililikuta mbali. Ninaishi Tucson, jimbo la Arizona, ninahudumia wazee zamu ya usiku, na Jumamosi hushinda kwenye karakana ya kufulia fedha. Miaka michache iliyopita nilikwenda Gallup, New Mexico, safari ya karibu saa sita kwa gari. Ni mji mdogo ulioko ukingoni mwa nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Pale sokoni alisimama mama mmoja wa umri wa Nyanya, amevaa blauzi ya mahameli ya rangi ya zabibu, na kiunoni mshipi wa ngozi uliopangwa sahani saba za fedha, kila moja pana kama kiganja changu, ukingo wake umechongwa mawimbi kama kombe la baharini. Nilisimama nikazitazama bila adabu. Hakuchukia. Aliniambia zilifuliwa na babu yake, na kwamba fedha yake ilikuwa peso za Meksiko.

Sahani hizo huitwa koncho. Neno linatokana na Kihispania, concha, maana yake kombe. Na peso ile ya Meksiko ni mtoto wa sarafu ya kale ya Kihispania ya real nane, iliyozunguka dunia nzima na kufika hata Bahari ya Hindi. Reale ya Nyanya ilichukua jina lake kutoka kwenye ukoo huo huo wa sarafu. Basi nilikuwa nimesimama kwenye mji wa jangwani, bahari haipo karibu wala mbali, nikitazama ndugu wa reale zetu akiwa amevaliwa kiunoni.

Tangu siku ile nimejifunza kufua koncho. Mwalimu wangu ni mzee wa Kimarekani aliyetumia maisha yake kupamba matandiko ya farasi kwa fedha, na alinionya mapema kwamba kuna njia mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Wadiné hupiga chapa: wana vyuma vifupi vyenye alama nchani, na kila alama huzamishwa kwa pigo la nyundo. Mafundi wa matandiko, waliorithi kazi kutoka kwa wachunga ng'ombe wa Meksiko na California, huchora kwa kalamu ya pua, yaani chuma kigumu, wakiinua unyuzi wa fedha kutoka kwenye bamba. Zote mbili ni koncho, ila mikono inayozitengeneza haifundishwi jambo moja.

Habari za Wadiné nazieleza kwa heshima, maana si zangu. Mtu anayetajwa zaidi kuwa mfua fedha wao wa kwanza ni Atsidi Sani, jina ambalo maana yake ni Mhunzi Mzee. Alijifunza kwanza kufua chuma kwa fundi wa Kimeksiko, akitengeneza lijamu za farasi. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga watu wake kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mashariki ya New Mexico, baada ya mashamba yao kuchomwa na mipichi yao ya bonde la Canyon de Chelly kukatwa. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa pale, kwenye maji ya chumvi na ardhi isiyozaa. Waliruhusiwa kurudi kwa mkataba wa mwaka 1868. Kufua fedha kulienea hasa baada ya kurudi, Atsidi Sani akiwafundisha wanawe, nao wakawafundisha wengine. Kila ninapoisoma habari hiyo huwa nasimama hapo. Watu waliopokonywa karibu kila kitu walirudi nyumbani, na katika vitu vya mwanzo walivyojifanyia ni kuvaa utajiri wao mwilini, mahali ambapo mtu anauona na hauchomeki kama shamba.

Koncho za mwanzo kabisa zinatambulika kwa tundu katikati. Lina umbo la msambamba, na limepitwa na kijiti cha fedha kilichoachwa wima. Mshipi wa ngozi uliingia upande mmoja wa kijiti ukatokea upande wa pili. Mtu asiyejua hudhani ni pambo, na kweli linapendeza, lakini sababu yake ni kwamba mafundi wale walikuwa bado hawajaimudu lehemu kiasi cha kuunga kitanzi nyuma ya bamba kubwa. Walipoimudu, karibu na mwaka 1880, tundu likazibwa, nyuma kukawekwa kitanzi cha shaba, na katikati ya koncho pakawa uwanja wa kunakshi. Baadaye feruzi zikapandikizwa hapo. Hata hivyo mafundi wengine walizipenda zile zenye msambamba, wakaendelea kuuchonga wakati hauhitajiki tena. Mimi mwenyewe naona koncho ya tundu inashinda zote. Ngozi inayoonekana katikati inaipa fedha mahali pa kupumzikia.

Daktari mmoja wa jeshi, Washington Matthews, aliyekuwa Fort Wingate, aliwaajiri mafundi wawili wafanye kazi mbele yake, akaandika kila alichokiona. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1883. Anaeleza mivukuto ya ngozi ya mbuzi, fuawe iliyokuwa kipande chochote cha chuma kizito, vyungu vya udongo, bomba la kupulizia moto kwa mdomo. Niliposoma kuhusu ile mivukuto nilimwona mhunzi wa kwetu bara, ameketi chini, viriba viwili vya mbuzi vinapanda na kushuka. Wahunzi hao hawakuwahi kuonana, lakini ngozi ya mbuzi ni laini na haivujishi upepo, basi kila mmoja aliifikia kwa njia yake.

Sasa niseme jinsi ninavyofanya.

Ninanunua punje za fedha ya 925, yaani katika kila sehemu 1,000 kuna 925 za fedha na 75 za shaba ya kuipa ugumu. Ningeweza kununua bamba lililo tayari, na mafundi wengi wazuri hufanya hivyo. Lakini mimi nilitaka kupita njia ya sarafu, kutoka kwenye maji hadi kwenye duara. Punje zinaingia kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na chembe za boraksi, chumvi ya kusafishia fedha inapoyeyuka, moto wa gesi unazungushwa juu yake bila kuondolewa. Karibu na nyuzi 890 za Selsiasi zote huwa maji. Hutambui kwa kipimo, unatambua kwa jicho: uso wa fedha unaanza kuzunguka wenyewe, ukiwa safi na mviringo kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Hapo unamimina kwenye kalibu ya chuma iliyokwisha pashwa moto, kwa mkono mmoja usiosita. Ukisita, fedha inaganda kwa tabaka, na tabaka hizo zitapasuka baadaye chini ya nyundo. Nilipoteza vipande vitatu vya kwanza kwa kusita.

Kinachotoka ni kipande kama kidole. Kinakwenda kwenye fuawe na kazi ndefu inaanza. Fedha inapopigwa hukaza, na sauti yake inakuambia: mwanzoni inatoa mlio mzito, wa chini, kisha mlio unapanda hadi unakuwa mkali kama kengele ndogo. Ukiusikia huo, acha. Zima taa ya karakana, pasha kipande mpaka kiwe chekundu cha giza, rangi ya kaa linalotaka kulala, kitie majini, kisha kwenye tindikali nyepesi ya kuondoa weusi. Kinarudi laini, unaendelea. Bamba la unene wa milimita 1 limenichukua mara nane, siku nyingine tisa, ya kupiga na kulainisha. Mwili wangu haujazoea kabisa, bega la kulia huniuma hadi Jumatatu, lakini sijui jambo jingine linalonituliza baada ya wiki ya zamu za usiku kama sauti ile inayopanda polepole.

Nakata duara la sentimita 5 na nusu. Uzito wake unakuja gramu 24 na kitu. Siku moja nilipiga hesabu ya reale ya Nyanya, ambayo leo iko kwangu: gramu 28, kiasi cha fedha 833 katika 1,000. Ingefuliwa hadi unene huo huo ingetoa duara la karibu sentimita 6. Koncho moja kamili ndani ya sarafu moja, na ziada kidogo. Niliirudisha kwenye kaniki yake.

Ukingo wa mawimbi unaanzia kwenye bikari. Uwazi wa bikari uliochorea duara huenda mara 6 kamili kuuzunguka ukingo wake, basi unapata alama 6 bila kupima chochote. Ukigawa kila sehemu mara mbili zinakuwa 12, ukigawa tena ni 24. Mawimbi 24 yanatosha koncho ya ukubwa huu. Nayachonga kwa tupa, moja moja, na kwenye kila wimbi napiga chapa moja.

Chapa nazitengeneza mwenyewe kutokana na tupa zilizochakaa. Pua ya tupa ni ngumu mno kuchongwa, kwa hiyo naipasha moto na kuiacha ipoe taratibu ndani ya majivu. Ikilainika nachonga ncha: nusu mwezi, au jani, au mistari mitatu. Kisha naipasha tena mpaka sumaku isiikamate, naichovya kwenye mafuta, na mwisho naipasha kidogo mpaka rangi ya majani makavu ya mnazi itambae hadi nchani. Bila hatua hiyo ya mwisho itavunjika kama kioo. Mafundi wa kale wa Diné waliwaiga mafundi wa ngozi wa Kimeksiko waliokuwa wakipiga chapa kwenye matandiko, wakatengeneza zao kutokana na chuma chochote kilichotupwa. Baadhi ya chapa hizo zingali kazini mpaka leo kwa wajukuu, na mtu aliyezoea akiona koncho huweza kuitambua familia kwa umbo la alama.

Chapa hupigwa mara moja. Bamba linakaa juu ya chuma kizito kilichosawazishwa, chapa imesimama wima, nyundo inashuka. Ukirudia pigo, hata kwa kutikisika unywele mmoja, alama inapata kivuli, na kivuli hicho hakiondoki. Ukipiga kwa hofu alama inakuwa nyembamba upande mmoja. Hakuna kufuta. Mwalimu wangu hunitaka nivute pumzi, niitoe, nipige pumzi ikiwa nje. Mwanzoni nilidhani ni mazoea yake tu. Siku hizi naona mkono wangu hutulia hapo tu.

Baada ya chapa, bamba linawekwa juu ya gogo lililochimbwa shimo la kina kidogo, linapigwa kutoka nyuma kwa nyundo ya ngozi hadi lijinyanyue kama kifuniko cha bakuli. Hili ni jambo la dakika kumi. Lehemu ya kitanzi cha shaba ni ya dakika tano, isipokuwa wakati mmoja nilipoegemeza moto mahali pamoja na mawimbi manne ya ukingo yakayeyuka mbele ya macho yangu. Kipande kile kilirudi kwenye chungu.

Kisha katikati. Hapa ndipo kalamu inapoingia.

Koncho inalazwa juu ya bakuli zito la chuma lenye mviringo chini, lililojazwa lami ya msonobari iliyochanganywa na unga wa plasta na mafuta kidogo ya mnyama. Lami inapashwa, koncho inazamishwa mgongo, ikipoa imeshikwa kila mahali, hata kwenye ubonyeo wake. Bakuli linakaa kwenye kata ya ngozi na linazunguka kirahisi. Kalamu ni kijiti cha pua chenye ncha ya pembe nne, na mpini wa mti uliotuna kama uyoga unaotulia katikati ya kiganja. Unasukuma kwa kiganja. Kidole gumba kinakaa karibu sana na ncha, ndicho breki. Na siri ambayo ilinichukua miezi kuielewa kwa mwili, maana kwa akili niliielewa siku ya kwanza, ni kwamba mkono wenye kalamu karibu hausogei. Unaosogea ni mkono wa kushoto, unaozungusha bakuli. Mstari unaopinda kama kikonyo cha mkungumanga haupindwi na kalamu. Fedha ndiyo inayoletwa kwake.

Unyuzi mwembamba wa fedha unajikunja mbele ya ncha na kudondoka. Ukilaza kalamu ubavu kidogo wakati inakwenda, mkato unapanuka upande mmoja na kuacha uso unaoakisi mwanga kama kioo, na ukiisimamisha tena mkato unakuwa uzi. Jani zima la nakshi linatokana na kulaza na kusimamisha huko. Ukigeuza koncho dirishani majani huwaka na kuzima, kila moja kwa wakati wake. Kwa hiyo baada ya kuchora haipakwi dawa za kusugua kwa nguvu, kwani kusugua kunaua kingo kali na nakshi inakuwa kama sabuni iliyotumika. Nimeona koncho za kale zilizosuguliwa na mtu mwenye nia njema mpaka kazi ya fundi ikapotea, na ni hasara kubwa.

Sichori mishale wala alama za Wadiné. Nimechagua mwaridi wa milango ya Lamu, ule wenye petali zinazoingiliana, na pembeni mnyororo mwembamba. Ni nakshi niliyokulia chini yake. Watu wengine huniuliza kwa nini nisitengeneze tu kama zile za Gallup kwa kuwa ndizo zinazouzika. Tangu mwaka 1990 kuna sheria ya Marekani inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wahindi Wekundu wakati sivyo. Kwa kosa la kwanza faini inaweza kufika dola 250,000, na kifungo miaka 5. Lakini hata bila sheria nisingefanya, kwa sababu nimeshakuwa upande wa aliyedanganywa.

Kabla sijajua lolote nilinunua mshipi kwenye duka moja la watalii nikaambiwa ni fedha ya kufuliwa kwa mkono. Niliufurahia mwaka mzima. Nilipojifunza, niliugeuza. Mgongo wa kila koncho ulikuwa laini na unaofanana na mwenzake kwa kila kitone, hata kasoro ilikuwa mahali pale pale kwenye zote: zilisubiwa kwenye kalibu moja. Fedha iliyopigwa chapa huacha alama hafifu nyuma, uvimbe mahali nyundo ilipozamisha, na hakuna uvimbe unaolingana na mwingine. Nilikwaruza kidogo kwa tupa, rangi ya ndani ikatoka ya manjano hafifu. Ilikuwa fedha ya Kijerumani, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na hata chembe ya fedha. Dola nilizopoteza nimezisahau. Kinachoniuma ni yule mama wa mahameli. Kila mshipi wa namna ile unaouzwa hushusha thamani ya ule alioufua babu yake, na babu hayupo wa kujitetea. Ukitaka kununua koncho, igeuze nyuma kwanza, kisha uliza jina la fundi. Muuzaji mkweli hulijua.

Kule nchi ya Wadiné maduka ya biashara yalipokea mishipi rehani, kama masonara wetu walivyopokea furungu. Duka la Hubbell, Ganado, lililoanza miaka ya 1870, bado limesimama na sasa linatunzwa na serikali kama mahali pa kihistoria. Nilisimama ndani yake, mbao za sakafu zinalia chini ya miguu, na nikafikiria familia zilizoacha mshipi pale wakati wa baridi na kuufuata walipokata manyoya ya kondoo. Nyanya angeielewa hesabu hiyo bila mkalimani.

Mshipi ninaoutengeneza ni wa mama yangu, Mombasa. Nilimwambia kwenye simu, akaniuliza atauvaa wapi mwanamke wa umri wake, kisha baada ya kimya akauliza uzito. Nikamtajia: koncho saba, karibu gramu 170. Akasema atauvaa juu ya dera nyumbani, wageni wakija.

Sita ziko tayari. Ya saba bado imelala kwenye lami, imebaki robo ya mwaridi, ile ya kulia, ambako kiganja changu huwa kinasukuma kuliko inavyotakiwa. Jana usiku niliinoa kalamu nikaijaribu kwenye ukucha. Haikuteleza. Jumamosi saa tatu asubuhi karakana inafunguliwa.